Nebula Haitoki Pichani: Dalili, Sababu na Tiba kwa Anayepiga Picha za Anga Karibu na Ikweta

Kila kiangazi malalamiko ni yale yale. Nyota zimekuwa mistari, picha imejaa rangi ya chungwa, nebula, yaani wingu la gesi na vumbi lililo kati ya nyota, haionekani hata kidogo. Nimeyapanga hapa kwa dalili, vile mtu anavyoiona kwenye kioo cha kamera usiku wa manane, na chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea mara nyingi, kisha nikashuka hadi zile za nadra.

Mimi hupigia picha nje ya mji wa Dodoma, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jambo hilo lina uzito. Maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako Nyota ya Kaskazini iko juu angani mwaka mzima na kila kifaa hulengwa kwake. Kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo. Ncha ya kusini ya anga, nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, iko juu ya upeo kwa nyuzi 6 tu, nyuma ya vumbi na miti, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata kwa mwenye macho makali. Anayefuata maelekezo yale neno kwa neno hukwama hatua ya kwanza, kisha huanza kuilaumu kamera yake.

Ombi langu moja kabla hujagusa kitu: badilisha jambo moja, piga picha moja, itazame kwa kuikuza, ndipo ubadilishe la pili. Ukibadilisha matatu kwa mpigo na picha ikapona, kesho hutajua kilichoiponya.

Nyota zimekuwa mistari

Hii ndiyo dalili inayoongoza, na nitakaa nayo kuliko nyingine.

Anza kwa kutazama mstari wenyewe. Je, nyota zote zimevutika upande mmoja kwa urefu sawa? Zinazunguka nukta fulani kama maji kwenye sinki? Au zile za katikati ni nzima na za pembeni tu ndizo zilizovutika? Kila jibu lina ugonjwa wake.

Zikivutika zote upande mmoja, angalia kwanza swichi ya kaskazini na kusini kwenye maunti, yaani kichwa chenye mota kinachozungusha kamera kufuata anga. Vifaa vingi huja vimewekwa kaskazini. Ukiwa umeelekeza mhimili kusini na swichi bado iko kaskazini, mota inakwenda kinyume na nyota, na mstari unakuwa na urefu mara mbili ya ule ambao ungeupata mota ikiwa imezimwa. Kipimo chake ni rahisi: piga sekunde 20 mota ikiwa imewashwa, kisha sekunde 20 ikiwa imezimwa. Mstari wa kwanza ukiwa mrefu kuliko wa pili, umepata jibu kabla ya kufungua parafujo yoyote.

Swichi ikiwa sawa, sababu inayofuata ni mhimili kutolenga ncha vizuri. Hapa tarakimu zinasaidia. Anga huzunguka sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa (uzi 1 una sekunde 3,600 za tao). Mhimili ukikosea ncha kwa uzi mmoja kamili, nyota inaweza kuteleza sekunde 16 za tao kwa dakika. Ukikosea kwa sehemu ya kumi na mbili ya uzi, mtelezo huo unashuka hadi kama 1.3. Sasa pima kamera yako: zidisha 206 kwa ukubwa wa pikseli katika mikroni, gawanya kwa urefu wa lenzi katika milimita. Pikseli za mikroni 4 nyuma ya lenzi ya milimita 200 zinatoa sekunde 4 za tao kwa pikseli. Maana yake kosa la uzi mmoja litakuharibia picha ya dakika moja kwa pikseli nne, na kosa dogo hata hutaliona. Kwa darubini ya milimita 800, kosa lile dogo linaanza kuonekana kwenye fremu, yaani picha moja, ya dakika mbili au tatu.

Namna ya kulenga ncha usiyoiona: sawazisha stendi kwa pima maji, elekeza mhimili kusini kwa dira ukiwa umeishika mbali na chuma cha stendi, kisha inua mhimili nyuzi sawa na latitudo yako. Usiiamini sana mizani ya nyuzi iliyochorwa ubavuni mwa maunti, weka simu yenye programu ya kupima mwinamo. Baada ya hapo tumia njia ya mtelezo. Chagua nyota iliyo karibu na utosi, juu kabisa ya kichwa chako, ambako ndiko ikweta ya anga, mstari wa kuwazika ulio juu ya ikweta ya dunia, inakopita kwetu, uitazame kwa dakika tano. Ikiteleza kwenda kaskazini au kusini, geuza mhimili kidogo kushoto au kulia, tazama tena kama mtelezo umepungua au umezidi. Usihangaike kukariri ni upande upi, kwa sababu vitabu vya kaskazini vinakupa jibu la kinyume. Nyota yenyewe itakwambia. Ikitulia, hamia nyota iliyo chini upande wa mashariki, na safari hii urekebishe kimo cha mhimili badala ya mwelekeo wake. Mwenye kompyuta uwandani ana njia ya mkato: programu ya NINA ina nyongeza inayopiga picha tatu sehemu tatu za anga, ikakokotoa kosa la mhimili bila kuhitaji kuiona ncha. Kwa sisi wa ikweta hicho ni kitu cha thamani kubwa.

Baada ya ncha, angalia vitu vya ardhini. Mguu wa stendi unazama mchangani taratibu, na kwenye fukwe kama za Bagamoyo hili ni la kila usiku. Weka vipande vya mbao chini ya kila mguu. Upepo: funga mkoba wa mawe katikati ya stendi, shusha miguu, kaa upande wa kikingio. Waya unaoning'inia na kuvuta kamera kadiri maunti inavyozunguka: ufunge kwa bendi karibu na mhimili. Mizani ya uzito: legeza kibano, kamera isianguke upande wowote.

Yapo mawili ya ikweta tu ambayo mtengenezaji hakukuonya. Mhimili unapolala karibu na upeo, fimbo ya uzito hushuka na kugonga mguu wa stendi. Zungusha stendi ili fimbo ipite kati ya miguu miwili. La pili ni la Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion. Nebula kuu ya Jabari, M42, iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo Dodoma inapita utosini hasa. Darubini ikitazama juu wima, kamera iliyo mkiani inaweza kugusa miguu ya stendi, mota ikaendelea kusukuma, na nyota zikaanza kuvutika ghafla katikati ya usiku uliokuwa ukienda vizuri. Ukiona fremu 40 nzima na ya 41 imeharibika, nenda ukaangalie kwa macho kabla ya kufikiri jambo lingine. Zima mota papo hapo ikiwa kuna kinachogusana. Gia za maunti ndogo ni laini, zikiliwa meno hazirudi.

Nyota zikivutika kwa kurudiarudia, zikienda na kurudi kila baada ya dakika kadhaa, hiyo ni gia yenyewe. Kila gia ya skrubu ina kasoro inayojirudia kila inapomaliza mzunguko. Tiba ni kufupisha fremu, au kuongeza kamera ndogo ya kufuatilia nyota moja na kuirekebisha mota. Usifungue gia mwenyewe kama hujawahi. Mpe fundi wa vifaa hivyo.

Nyota za katikati zikiwa nzima na za pembeni zimejipinda kuzunguka nukta moja, ni uwanja, yaani eneo lote linaloonekana pichani, unaozunguka, na dawa yake ni ile ile ya kulenga ncha. Zikivutika kutoka katikati kwenda nje kama miale, basi ni lenzi: punguza uwazi wake hatua moja au mbili, au kama unatumia kioo cha kunyoosha uwanja, pima umbali wake hadi kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Vingi vimetengenezwa kwa milimita 55, na milimita moja tu ikizidi au kupungua inaonekana pembeni.

Nyota ni nene, kama sarafu

Fokasi. Alama ya umbali usio na mwisho kwenye lenzi si ya kuaminiwa. Elekeza Sirius, au Suheli, nyota ya manahodha, kuza mara kumi kwenye kioo, zungusha hadi iwe ndogo kabisa. Kifuniko cha Bahtinov, kile chenye mianya iliyokatwa kwa pembe tatu, ni rahisi kukitengeneza kwa kadibodi na wembe: mstari wa kati ukikaa sawasawa katikati ya msalaba, umefika. Kisha bandika utepe kwenye pete ya lenzi isisogee.

Ikiwa saa mbili usiku ilikuwa safi na saa sita imenenepa, joto limeshuka na bomba la darubini limesinyaa. Rudia fokasi kila joto linaposhuka nyuzi chache.

Nyota zikiwa na utando kama taa kwenye ukungu, huo si ugonjwa wa fokasi. Ni umande. Mulika kioo cha mbele kwa tochi nyekundu kutoka ubavuni utauona. Usiufute kwa shati wala kitambaa, utasugua vumbi kwenye kioo. Upulizie hewa vuguvugu, kisha funga mkanda wa joto kuzunguka lenzi kabla umande haujarudi. Pwani mkanda huo ni wa lazima kuliko darubini kubwa.

Utando ukibaki hata mchana kioo kikiwa kikavu, tazama ndani ya lenzi kwa mwanga. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa huilea vizuri. Acha hapo. Usifungue lenzi. Iweke mbali na lenzi nyingine na umpelekee fundi wa kamera mapema, kwa kuwa kuvu iliyokaa hula rangi maalumu iliyopakwa kwenye kioo, na ikishaliwa hakuna wa kuirudisha.

Nyota zipo, nebula haipo

Hapa wengi hukata tamaa, na mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Sababu ya kwanza ni kutegemea fremu moja. Nebula hafifu haionekani kwenye fremu moja isiyoguswa, na hata ikiwemo imejificha gizani hadi picha ivutwe kwenye programu, yaani sehemu zake za giza zing'arishwe. Henry Draper alipopiga picha ya kwanza ya nebula, ile ya Jabari, tarehe 30 Septemba 1880, ilimbidi kuacha shata wazi dakika 51 kwenye bamba moja. Sisi tunagawa dakika hizo katika fremu ndogo na kuzirundika kuwa picha moja kwa programu za Siril au DeepSkyStacker, ambazo zote ni bure. Kumbuka hesabu: chenga, zile kelele za vijidoa pichani, hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu. Ukitaka picha safi mara mbili, muda ni mara nne. M42 itakupendeza kwa saa moja. Nebula ya Rosette inataka saa kadhaa, na ukungu hafifu unaoizunguka Jabari unataka usiku tatu au nne.

Pili, fremu fupi mno. Fungua histogramu, mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga: kilima kikiwa kimeng'ang'ania ukuta wa kushoto, mwanga wa nebula unamezwa na kelele za kamera. Ongeza sekunde hadi kilima kiachane na ukuta. Kikivuka katikati, umezidisha na nyota zinaungua.

Tatu, mbalamwezi. Panga kazi siku tano kabla na baada ya mwezi mwandamo.

Nne, kamera yenyewe haioni wekundu. Nebula nyingi hung'aa kwa haidrojeni kwenye nanomita 656.3, na kichujio kilicho mbele ya sensa ya kamera ya kawaida huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ndiyo maana Canon walitoa EOS 60Da mwaka 2012 na Nikon wakatoa D810A mwaka 2015, zenye vichujio vinavyoupitisha. Nina kipimo ninachokipenda cha kutenganisha sababu hii na zile za juu: piga Kilimia, lile fungu la nyota (Pleiades). Ukungu wake ni wa buluu, ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, na kichujio hakiuzuii. Kwa muda ule ule na anga ile ile, ukungu wa Kilimia ukitokea na Rosette isitokee, ni kichujio. Visipotokea vyote viwili, ni anga, muda au fokasi.

Onyo: kuondoa kichujio hicho si kazi ya meza ya jikoni. Kamera yenye flashi ndani ina kapasita inayobaki na volti mia kadhaa hata betri ikiwa imetolewa, na sensa hufa kwa umeme tuli wa kidole. Mtafute aliyewahi kuifanya.

Tano ni msimu, na hili huwasumbua hasa waliosoma ratiba za kaskazini. Wao Jabari ni ya Januari. Kwetu Dodoma Januari ni mvua. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na mpiga picha anaweza kuipangia kalenda yake humo. Mimi humsubiri Jabari mwanzoni mwa Septemba, anapochomoza kama saa saba usiku na kuwa amepanda vizuri ifikapo saa kumi alfajiri. Julai na Agosti jioni nafanya kazi upande wa kundi la nyota la Mshale, ambako nebula ya M8 inapita juu sana, jambo ambalo mtu wa London hulitamani tu, kwa sababu kwake inaambaa juu ya paa za nyumba. Nebula ya Carina ni bora Aprili na Mei. Ambaye masika yamemziba ajaribu Juni mapema, giza likishaingia tu. Kuanzia Agosti angalia moshi wa kuchoma mashamba. Hauonekani usiku, lakini nyota za chini hufifia na kuwa kahawia.

Rangi ya chungwa au kahawia upande mmoja

Taa za mji, kwanza kabisa. Hamia mbali kama unaweza, au piga upande ulio kinyume na mji, kitu kikiwa juu. Siril na GraXpert zina zana ya kuondoa mteremko wa rangi, na itumie kabla ya kuvuta picha, si baada. Kichujio cha bendi mbili nyembamba, kinachopitisha haidrojeni na oksijeni peke yake, kinafanya maajabu kwa nebula zenye gesi, ila hakisaidii Kilimia wala galaksi.

Ikiwa mng'ao uko pembe ile ile ya picha kila usiku, popote unapoelekeza, si mji. Ni joto la saketi ya kamera. Fremu za giza, zile zinazopigwa lenzi ikiwa imefunikwa, huuondoa.

Madoa kama maandazi yenye tundu, na pembe nyeusi

Ni vumbi kwenye sensa au kichujio. Piga fremu za mwanga sawa: nyoosha fulana nyeupe mbele ya lenzi alfajiri, usiguse fokasi wala kuzungusha kamera, piga 30. Ukiisha kuzitumia na katikati pakawa na doa la mwanga, umekosa fremu sifuri, zile za kasi kubwa kabisa lenzi ikiwa imefunikwa, au kuna mwanga uliopenya.

Chenga za rangi na michirizi ya mshazari

Joto letu ndilo chanzo. Mkondo wa joto ndani ya sensa, ule unaozaa kelele, huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi sita za Selsiasi, na usiku wa Dar wa nyuzi 26 haufanani na usiku wa Ulaya. Piga fremu za giza ukiwa bado uwandani, lenzi imefunikwa, sekunde zile zile, ISO ile ile, joto lile lile. Zile ulizopiga sebuleni mchana hazitafaa.

Michirizi ya mshazari hutokea fremu zinapoteleza upande mmoja polepole usiku kucha. Sogeza kamera pikseli 10 hivi, upande wowote, kila baada ya fremu chache, ndipo urundike kwa njia inayokataa pikseli zisizolingana. Njia hiyo hiyo inafuta mistari ya setilaiti.

Mwenye kamera ya kupoza asiilazimishe kufika hasi 20 pwani. Nyingi hushusha nyuzi 35 hivi chini ya joto la nje, na ikifanya kazi kwa asilimia 100 joto litapandapanda na fremu za giza hazitalingana. Hasi 5 iliyotulia ni bora.

Vifaa vinazimika katikati ya kazi

Pima volti kwenye kifaa chenyewe kikiwa kinafanya kazi, si kwenye betri. Waya mwembamba wa mita tano hula volti, na maunti inayotaka 12 ikipata 11 hupoteza hatua bila kukuambia. Tumia waya mnene na mfupi. Kisha angalia viungio vilivyolegea, halafu betri iliyochoka.

Hapa maonyo ni mazito kuliko pengine pote, na nayasema kwa kuwa nimeona waya ukiungua uwandani, mita mbili kutoka nilipokaa. Betri ya gari iwe na fyuzi karibu kabisa na kichwa chake chanya. Usiichaji ndani ya hema au chumba kilichofungwa, hutoa haidrojeni. Betri ya lithiamu iliyovimba, yenye joto lisilo la kawaida au harufu tamu ya kemikali, usiichaji tena. Iweke nje, mbali na nyasi kavu, na umwite anayejua. Waya wa umeme wa nyumbani uliovutwa kwenye nyasi zenye umande ni hatari kwa maisha: usiutumie bila kikatizi cha usalama kilichofungwa na fundi umeme. Ukisikia harufu ya kuungua kutoka kwenye kamera au maunti, chomoa umeme na usiiwashe tena "kuona kama imepona".

La mwisho ni la alfajiri, wakati mtu amechoka. Ukilala kwenye gari na darubini iko wazi kuelekea mashariki, jua likichomoza litachoma sensa, na linaweza kuwasha moto kwenye nyasi. Weka kengele ya simu saa kumi na moja, funika kioo cha mbele kwanza, ndipo ukunje mengine.